Dari, Sakafu na Ndevu za Bwana Harusi

Kinyozi huyu watu walimwita Sawasawa, na jina alilitafuta mwenyewe. Kila alipomaliza kichwa alishika kioo kidogo nyuma ya kisogo cha mteja akauliza, "Sawasawa?" Mteja akiitikia sawasawa, yeye ndiyo kwanza hajaridhika. Anainama, anafumba jicho moja kama mwashi anayepima ukuta, anaona unywele mmoja umechomoza juu ya sikio la kushoto, anaukata. Sasa sikio la kulia linaonekana limedhulumiwa. Anahamia huko. Wako watu walioingia mle kupunguza tu, wakatoka na vipara vya kung'aa, na mpaka leo hawajui walikubali saa ngapi.

Hata hivyo duka lilijaa. Wembe wake ulikuwa msafi, mkono mwepesi, na mdomo wake haukumpa mtu nafasi ya kujuta. Kiti kilikuwa kimoja, cha chuma, kinachozunguka na kulia kila kikipandishwa. Benchi la kungojea lilichukua watu wanne, watano kama mmoja wao hakujaliwa makalio.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa msusi, na kazi yake aliifanyia sebuleni. Wateja wake walikaa kwenye makochi tangu asubuhi hadi jioni, nywele za bandia zikatambaa mpaka jikoni zikaingia kwenye birika, na watoto wao pacha wakafanya kazi zao za shule chini ya meza kama wakimbizi. Sasa kando ya duka la Sawasawa palikuwa na chumba kitupu chenye dirisha la barabarani. Mume na mke walikuwa wakikiwekea akiba, mwaka wa tatu huo. Kwa hesabu zote chumba kile kilikuwa cha Mama Pacha, ila ufunguo tu ndio hakuwa nao.

Akiba hiyo ndiyo Sawasawa aliyoipeleka kwenye opsheni.

Opsheni, kwa asiyeijua, ni haki inayouzwa. Unalipa ada ndogo leo, unapata haki ya kununua kitu kwa bei mliyopatana, mpaka siku fulani. Bei ya sokoni ikiruka juu ya hapo, umeula. Isiporuka, siku inafika, haki inakufa, na ada yako inazikwa nayo. Ipo na ya kuuza, kwa wanaotabiri bei itaanguka. Sawasawa alisikia habari hizo kwa mteja mmoja, akambembeleza mkewe siku tatu, akafungua akaunti kwenye simu. Wiki ya kwanza alinunua haki juu ya kapu la hisa, yaani hisa za kampuni kubwa hamsini zilizofungwa pamoja zikapewa bei moja. Kapu likaruka. Ada yake ikazaa mara nne.

Na hilo ndilo lililokuwa balaa. Mtu akichapwa siku ya kwanza hukimbia. Akibembelezwa hurudi na godoro. Sawasawa alirudi na godoro, mto na shuka. Miezi mitano alinunua haki kila Jumatatu, na kila Ijumaa alizizika. Theluthi ya pesa ya chumba ikawa imekwenda.

Aliyemfumbua macho alikuwa mwanamke mmoja wakala wa bima, mtu mzima, mcheshi, mwenye kupenda kunyoa kichwa chote. Alikuja kila baada ya wiki mbili, na mtaa mzima ulimwita Bibi Bima. Siku hiyo Sawasawa alikuwa akimnyoa huku akiugulia msiba wa Ijumaa.

"Ngoja kwanza, mdogo wangu," Bibi Bima alisema. "Kila wiki unalipa ada ili kitu kikubwa kitokee?"

"Ndiyo, dada."

"Na hakitokei."

"Kinakaribia tu, dada. Kinachungulia kinarudi."

"Basi wewe unakata bima ya moto kila Jumatatu, halafu Ijumaa unaikasirikia nyumba kwa nini haikuungua!" Akacheka mpaka wembe ukabidi usubiri. "Hebu jiulize, hizo ada zako anazila nani?"

Sawasawa alisimama na wembe hewani. Miezi mitano, na swali hilo halijawahi kumpitia kichwani.

Tangu hapo akaacha kununua, akaanza kuuza. Bibi Bima alimfundisha kwa lugha ya nyumba. Kapu likiwa kwenye mia nane, jenga dari juu, tuseme mia nane na thelathini, na sakafu chini, mia saba na sabini. Wauzie watu haki za huko nje, upokee ada zao. Ijumaa ya mwisho wa mwezi ikifika na bei ingali ndani ya nyumba, ada ni zako. Ikitoboa dari au sakafu, unalipa wewe.

"Na juu ya dari ujinunulie kinga yako, chini ya sakafu vilevile, ili hasara iwe na mwisho," alisema. "Hata sisi wenye bima tunakatiwa bima na wenzetu. Anayeuza bima bila kujikinga ni mjinga aliyevaa tai."

Ukiisikia hivyo utasema ni kazi ya mtoto: unajenga nyumba, unafunga mlango, unakwenda zako kunyoa watu. Lakini nani alikwambia Sawasawa anaweza kukiacha kitu chenye pande mbili kikae peke yake? Bei ikipanda kidogo, alisogeza dari juu. Dari ikishasogea, sakafu ikaonekana imebaki mbali, nyumba imepinda. Akaipandisha na sakafu. Kesho yake bei ikashuka. Akashusha sakafu, akaitazama dari kwa jicho moja, akaishusha nayo. Kila akigusa, kampuni iliyompa akaunti ilikata kamisheni yake. Mwezi mmoja aligusa mara kumi na saba. Mwisho wa mwezi bei ilikuwa palepale ilipoanzia, katikati ya nyumba yake ya kwanza, na yeye ana hasara.

Bibi Bima alipoonyeshwa simu alivaa miwani, akasoma taratibu, akavua miwani.

"Mdogo wangu, faida ulikuwa nayo," alisema. "Umeinyoa."

Habari zilifika sebuleni, kwa kuwa habari za namna hiyo hazikosi nauli. Mama Pacha alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Hakupandisha sauti. Aliendelea kusuka, na hiyo ndiyo iliyomtisha mumewe.

"Baba Pacha, mimi sijui opsheni. Najua kuhesabu. Nakupa miezi mitatu. Mitatu mfululizo, kila mmoja uwe na faida, hata ya bei ya sindano. Mmoja tu ukitia hasara, hata hiyo ya sindano, tunafunga akaunti, na kilichobaki nampelekea mwenye nyumba nichukue chumba changu."

"Na nikiweza?"

"Ukiweza, akaunti yako. Cheza nayo mpaka uote mvi. Mimi nitasuka hapahapa sebuleni na hutanisikia nikiguna."

"Mashahidi?"

"Mimi hapa," alisema mteja aliyeinamishwa kichwa, ambaye hakuna aliyekumbuka kwamba naye ana masikio.

Mwezi wa kwanza bei ililala usingizi wa pono, na Sawasawa akapata faida ya kutosha kununua viatu. Mwezi wa pili aligusa mara mbili tu, akajilaumu kama mtu aliyeiba sadaka, akapata faida ya kununua soksi za viatu hivyo. Wanaume wa benchi wakaanza kumwita Mkurugenzi. Mama Pacha akaanza kutopita mbele ya kile chumba kitupu. Alizunguka kwa upande wa pili wa barabara. Sawasawa aliliona hilo, akajifanya hakuliona.

Ikabaki Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tatu.

Soko lilifungwa saa kumi alasiri. Saa nane, kapu likiwa kwenye mia nane ishirini na nne na dari ya mwezi huo mia nane thelathini, aliingia bwana harusi. Harusi ilikuwa kesho yake. Alikuwa kijana mrefu, mwenye ndevu nzito alizozilea miaka sita kwa mafuta na chanuo maalumu, na nyuma yake mpambe wake, mfupi, mwenye maoni.

"Tunataka kuzinyoosha tu," mpambe alisema akikaa benchini. "Kingo zisomeke. Urefu usiguswe."

"Kunyoosha tu," Sawasawa aliitikia. Simu alikuwa ameiweka juu kabisa ya rafu, nyuma ya kopo la poda, ili namba azione lakini mkono usifike mpaka atembee hatua mbili. Akaichukua mashine, akaanza, kisha kwa kingo akapaka povu, akashika wembe.

Saa nane u nusu, mia nane ishirini na saba. Bibi Bima akaingia, siku isiyo yake. "Sijaja kunyoa," alisema, "nimekuja kuangalia mpira." Akakaa karibu na mpambe. Saa tisa, mia nane ishirini na tisa. Mama Pacha naye akatokea, kitana kimechomekwa kichwani, akaegemea mlango. Mumewe alimwona kwenye kioo.

Saa tisa na robo, mia nane thelathini na moja. Dari imetoboka.

Mkono wa Sawasawa ulishuka wenyewe, ukauweka wembe mezani. Mguu ukapiga hatua moja. Kufunga sasa hivi, hasara ingekuwa ndogo, ya sindano chache. Ya kungoja ingeweza kuwa kubwa, ingawa ilikuwa na mwisho, na mwisho wenyewe alishaujua kwa namba tangu siku aliyonunua kinga.

"Kaka, unakwenda wapi nami nina povu nusu ya uso?" bwana harusi aliuliza.

"Ulipanga ufanye nini ikifika hapa?" Bibi Bima aliuliza kutoka benchini, kama mtu anayeuliza saa.

"Nilipanga nisiguse."

"Basi mwenye povu anakusubiri."

Akarudi. Akaushika wembe. Mkono ulikuwa ukiwasha kama umeingia upupu. Ulitaka kusogeza kitu, kupandisha kitu, kushusha kitu. Mbele yake palikuwa na kidevu chenye pande mbili.

"Kulia kumepungua kidogo," mpambe alisema.

"Nimeona." Akapunguza kushoto.

Mia nane thelathini na mbili.

"Sasa kushoto kumezidi kupungua."

"Nimeona." Akahamia kulia.

"Kaka, nyie mnaongelea nini?" bwana harusi aliuliza. Kiti kilikuwa kimelazwa, naye alikuwa akitazama dari, ile ya mbao.

"Tulia, bwana, usisemeshe kidevu."

Mia nane thelathini na moja. Kulia. Mia nane thelathini na mbili. Kushoto. Mia nane thelathini na moja tena. Macho ya Sawasawa yalikuwa juu ya rafu, mikono ilikuwa chini ikifanya ilichozaliwa nacho. Bibi Bima alikuwa anaona, lakini kama angesema neno kinyozi angeamka, na akiamka ataishika simu. Akauma kitambaa chake. Mama Pacha alikuwa anaona, lakini alidhani ndiyo mitindo ya siku hizi. Mpambe aliyekuwa na maoni yote alikuwa ameyamaliza. Alikaa mdomo wazi akitazama ndevu za miaka sita zikishuka sakafuni. Bandu bandu humaliza gogo, na hili halikuwa gogo.

Saa kumi kasoro dakika tatu: mia nane thelathini. Kasoro moja: mia nane thelathini, kamili, juu ya mstari. Kisha namba ikatetemeka, ikashuka, ikasimama. Mia nane ishirini na tisa. Soko limefungwa.

"Sikugusa!" Sawasawa aliruka. "Dada, umeniona? Mama Pacha, mmeniona? Sikugusa kitu!"

Bwana harusi akainuka kwenye kiti, akajitazama kwenye kioo. Akageuka nyuma kuona ni nani mwingine aliyeingia. Hapakuwa na mwingine.

"Ndevu zangu ziko wapi?"

Hapo palipita maneno ambayo kitabu cha heshima hakiyabebi. Bwana harusi alitaka kumjua mama mzazi wa Sawasawa na mahali alipokosea malezi. Sawasawa aliomba radhi kwa mikono miwili, akaapa hatapokea hata senti, akaapa atamnyoa bure mpaka mtoto wake wa kwanza aote ndevu.

"Na mimi?" mpambe aliuliza.

"Wewe umefanywa nini?"

"Nimeumia kwa kutazama."

Katikati ya rabsha hiyo simu ya bwana harusi ikalia. Alikuwa bibi harusi, na alitaka kumwona kwa picha. Bwana harusi alijaribu kujifunika kwa taulo, mpambe msaliti akalivuta.

"Wewe!" sauti ilitoka simuni. "Kumbe una kishimo kidevuni! Miaka mitatu umenificha kishimo?"

"Ndiyo... kipo," bwana harusi alisema, akikigusa kwa kidole kama mtu aliyekutana na jamaa wa zamani.

"Ole wako ukizirudisha."

Wakaondoka, bwana harusi bado amekasirika lakini sasa hajui amkasirikie nani, mpambe akiwa amejiandikia kunyolewa bure mwaka mzima.

Duka likatulia. Mama Pacha aliingia ndani, akachukua ufagio, akaanza kukusanya ndevu.

"Umeshinda, Baba Pacha," alisema. "Mitatu mfululizo. Hongera, kweli kabisa. Ahadi ni ahadi. Kesho nitalisogeza kabati la vyombo, pale sebuleni patapatikana nafasi ya kiti kingine."

Alisema kwa uso mkunjufu, bila hila. Laiti angenuna, ingekuwa rahisi. Sawasawa alitazama ule ufagio ukienda na kurudi.

"Dada," alimwambia Bibi Bima, "niambie ukweli. Nimejua kazi?"

"Sehemu. Bei kurudi ndani ya nyumba, hiyo ni bahati, usinidanganye mimi wala kujidanganya. Kutogusa ndiko kwako. Mwezi ujao unaweza usiguse vilevile, ufanye kila kitu kwa mpango, na upoteze. Na bado utakuwa umefanya vizuri."

Ufagio ukasimama. "Yaani atapoteza tena?" Mama Pacha aliuliza.

"Mdogo wangu, sisi kila mwezi kuna mtu tunamlipa. Ofisi haifungwi. Inafungwa ile iliyoweka pesa zote kwenye nyumba moja. Hakuna mtu wa biashara hii anayepata kila mwezi. Anayekwambia hivyo anauza kozi."

"Basi sharti langu lilikuwa la bure."

"Lilikuwa zuri kwa miezi mitatu. Kwa miaka mitatu lingewatenganisha."

Mama Pacha alimgeukia mumewe. "Nikuulize kitu kimoja. Kama usingekuwa na yule kijana kwenye kiti, ungeacha kugusa?"

Angeweza kusema ndiyo. Alikuwa mshindi, shahidi yupo, simu ile pale. Alifungua mdomo kwa ajili hiyo hasa.

"Nisingeacha," alisema. "Saa tisa na robo ningefunga na hasara mkononi. Na saa kumi ningekuwa naitukana bei."

Mama Pacha alicheka kwanza, kisha Bibi Bima, kisha yeye mwenyewe, kicheko cha mtu aliyetua mzigo asijue alikuwa ameubeba.

Aliiendea rafu hatua zile mbili, akaishusha simu. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Mama Pacha alimchungulia begani. Pesa ya chumba, kodi ya miezi sita na viti viwili, ilikuwa ikitoka kwenye akaunti kurudi benki. Kilichobaki mle kilikuwa kidogo: kikiungua chote, nyumbani wangelalamika siku mbili na kula siku ya tatu kama kawaida.

"Lakini umeshinda," Mama Pacha alisema.

"Ndiyo. Akaunti si yangu? Nafanya ninavyotaka. Kamwambie mwenye nyumba kabla hajapata mwingine."

"Na hicho kidogo?"

"Hicho nitajifunzia. Nina mkono mbaya, mama. Unahitaji miaka."

"Miaka mingapi?"

"Muulize bwana harusi."

Jumatatu asubuhi walikuwa wote wawili ndani ya chumba kitupu. Mama Pacha alipima kwa hatua kutoka dirishani mpaka ukutani, akarudi, akasimama katikati akazunguka na mikono yake wazi, akiona viti ambavyo havijaletwa. Alikitaka kimoja kiangalie barabara, mteja asichoke. Kisha akabadili, akataka vyote viwili viangalie kioo. Kisha akabadili tena. Sawasawa alishikilia ncha ya utepe wa kupimia, amechuchumaa kwenye kona, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Hapo ulipo, sogea kidogo kushoto," mkewe alimwambia.

Akasogea.

"Umezidi. Rudi kulia."

Akarudi. Ilikuwa saa nne, soko lilikuwa limefunguliwa saa nzima iliyopita, na hakuwa na habari kapu lilikuwa kwenye ngapi.